Chumvi na Nchi Isiyo na Chumvi

Leo nataka tuzungumze juu ya chumvi, kitu ambacho kila nyumba inacho, na ambacho watu hawakifikiri mpaka siku kimekwisha. Tutaitazama habari hii kana kwamba tumesimama mahali pamoja, yaani Nyarero, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Mtu aweza kuuliza, kwa nini Nyarero, wala si mahali penye mashimo ya chumvi? Jibu langu ni kwamba historia ya chumvi katika Bara ni hasa historia ya watu wasiokuwa nayo. Mwenye chumvi mlangoni pake hakai njiani majuma mawili kuitafuta, wala hatoi mbuzi ili apate kikapu kimoja.

Basi tazameni ramani. Upande wa magharibi liko Ziwa Victoria, kubwa kuliko ziwa jingine lo lote la Afrika, lakini maji yake ni matamu. Chemsha mtungi mzima hata ukauke, nawe hutapata chumvi ya kutosha chungu kimoja cha mboga. Bahari iko mbali: toka Tarime hata Mombasa ni zaidi ya kilometa 600 kwa mstari ulionyoka, na miguu ya watu haipiti katika mstari ulionyoka. Chemchemi za chumvi za Uvinza, upande wa Kigoma, ziko mbali kadiri hiyo hiyo. Kibiro, kando ya Ziwa Albert katika Uganda, ni karibu kilometa 500. Ziwa Eyasi ni yapata kilometa 250 upande wa kusini, ng'ambo ya mbuga za Serengeti. Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni zaidi ya kilometa 200 upande wa mashariki, katika nchi ya Wamasai, nayo yana magadi kuliko chumvi ya kula. Kwa hiyo watu wa Tarime walikuwa katikati ya nchi zenye chumvi, lakini kila moja ilikuwa mbali nao.

Mwanafunzi mwenye kufikiri atauliza: mbona Ziwa Victoria ni kubwa namna ile na halina chumvi, na Ziwa Magadi ni dogo, nalo limejaa magadi magumu hata watu hutembea juu yake? Sababu ni kwamba ziwa moja lina njia ya kutoka na jingine halina. Kila mto huchukua madini kidogo kidogo kutoka katika mawe na udongo unaopita. Yale yaingiayo Ziwa Victoria hutoka tena pale Jinja pamoja na maji ya mto Nile. Lakini Natron, Magadi na Eyasi hayana mto wa kutokea. Maji huingia kwa vijito na chemchemi, kisha jua huyanyonya yakawa mvuke, na madini yote hubaki chini. Mambo hayo yameendelea kwa maelfu ya miaka. Tena karibu na Natron uko mlima wa moto, Ol Doinyo Lengai, ambao si kama milima mingine ya moto iliyo hai duniani. Uji wa mawe utokao ndani yake umejaa madini ya jamii ya magadi. Hutoka ukiwa mweusi, na baada ya kupatwa na unyevu hugeuka kuwa mweupe. Mlima huo ulitoa moto na majivu mengi mwaka wa 1917, ukatoa tena mwaka wa 1940, wa 1966 na wa 2007, na majivu yake huchukuliwa na upepo mpaka nyika za Serengeti. Habari hiyo ya majivu iwekeni akibani, tutairudia.

Nchi ya Tarime ni nchi ya vilima na mvua nzuri. Mvua hiyo hiyo iletayo mahindi, migomba na kahawa ndiyo iliyoosha udongo. Chumvi iliyokuwamo imekwisha kushuka kwa mto Mara na mto Mori, ikaingia Ziwani, ikatoka Jinja, ikaenda zake Misri.

Je, watu wa kale walifanyaje? Katika nchi nyingi zinazolizunguka Ziwa, walichoma mimea. Walikata matete, mafunjo na majani mengine ya majini, wakayakausha na kuyachoma, kisha wakatia majivu katika chungu kilichotobolewa matundu chini. Wakamwaga maji juu yake, nayo yakachuruzika polepole katika chombo kingine, yakiwa na rangi na ladha kali. Maji hayo yalitiwa katika mboga vivyo hivyo, au yalichemshwa hata yakabaki mabonge ya kijivu. Ng'ambo ya mpaka, kwa Waluhya, hata leo maganda na mabua ya maharage huchomwa kwa kazi hiyo, na mboga zilizopikwa kwa maji hayo hulainika na kupendeza kinywani. Jina munyu, au jina linalofanana nalo, hutumika katika lugha nyingi za Kibantu kwa chumvi, na Kiswahili cha zamani kinalo pia.

Lakini ladha ya chumvi ni jambo moja, na chumvi yenyewe ni jambo jingine. Hapa ni lazima tuingie kidogo katika elimu ya kemia, na naomba msichoke.

Mwaka wa 1807 Mwingereza mmoja aitwaye Humphry Davy alipitisha nguvu ya umeme katika potashi, kitu ambacho siku zile kilipatikana katika majivu ya miti. Akaona vitone vya metali laini, yenye kung'aa kama fedha, na metali ile ilipogusa maji iliwaka moto. Siku chache baadaye akafanya vivyo hivyo kwa soda kali, akapata metali ya pili, ndugu ya ile ya kwanza. Ya kwanza twaiita potasiamu, ya pili sodiamu. Kabla ya hapo metali hizo mbili hazikupata kuonekana peke yake na mtu ye yote. Chumvi ya kula ni sodiamu iliyoungana na hewa ya sumu iitwayo klorini. Ni ajabu kwamba metali iwakayo majini, ikiungana na hewa iuayo, vyote viwili hugeuka kuwa kitu cha kumpa mtoto katika uji wake. Magadi nayo yana sodiamu, lakini sodiamu hiyo imeungana na vitu vingine, na ndiyo sababu magadi huyeyuka kama chumvi bali hayana ladha ile ile.

Umeme alioutumia Davy ulitoka katika betri, chombo kilichobuniwa na Mwitalia Alessandro Volta mwaka wa 1800. Betri ya Volta ilikuwa vipande vya metali za namna mbili vilivyopangwa kama sahani, na katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kwa hiyo chumvi ilikuwamo tangu mwanzo. Sasa mambo yamegeuka: sodiamu iliyotolewa kwa nguvu ya betri hutumika yenyewe kutengenezea betri. Mwaka wa 2021 kampuni ya China iitwayo CATL ilitangaza betri zake za sodiamu. Ni nzito kuliko zile za lithiamu zenye nguvu sawa, lakini sodiamu ni tele na bei yake ni rahisi. Haya ni maneno ya kando tu, na sasa turudi kwenye majivu.

Mmea huhitaji potasiamu nyingi ili ukue. Lakini mimea iliyo mingi yaweza kuota, kuchanua na kuzaa karibu bila sodiamu. Zaidi ya hayo, sodiamu ikizidi katika udongo huudhuru mmea, maana mizizi hushindwa kunyonya maji hata kama udongo una unyevu. Wakulima wa nchi za jua kali wanaonyweshea mashamba maji ya mifereji, bila kuyapa njia ya kutoka, hulijua jambo hili wanapoona ukoga mweupe juu ya udongo na mazao kunyauka. Kwa hiyo majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo tu. Bibi wa kale aliyechuja majivu ya matete alipata kitu chenye ukali wa kuamsha ulimi, lakini kilikuwa na sehemu ndogo sana ya kile mwili ulichokitaka.

Na mwili huitaka sodiamu kweli kweli. Damu ya mtu ina chumvi. Onja damu kidoleni, au machozi, au jasho, nawe utajua. Maji ya chumvi yatiwayo mshipani hospitali huwa na gramu 9 za chumvi katika kila lita, maana yakiwa pungufu au yakizidi yataziharibu chembe za damu. Sodiamu hushika maji mwilini yasipotee, na kwa msaada wake mishipa ya fahamu hupeleka habari na misuli hujikunja. Mnyama alaye nyama huipata katika damu ya windo lake. Mnyama alaye majani hali yake ni ngumu, kwa kuwa majani hayanayo. Ndiyo maana ng'ombe hulamba chumvi na simba hana haja hiyo.

Hata kwa wanadamu twaona tofauti hiyo. Wafugaji kama Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu ya ng'ombe, walikuwa na sodiamu katika chakula chao kila siku. Walioishi kwa ndizi, wimbi, mtama na viazi walikuwa na haja kubwa zaidi ya chumvi ya kuongeza. Wakuria walilima na kufuga pamoja, basi walikuwa katikati. Tena walikuwa na haja ya pili, maana kwao ng'ombe ndio mali na ndio mahari, na ng'ombe akikosa chumvi hukonda, maziwa hupungua, naye huanza kutafuna mifupa, nguo na udongo. Mchungaji aliyejua mahali penye udongo wa chumvichumvi alikuwa na elimu yenye thamani.

Wanyama wa porini wanayo elimu hiyo bila kufundishwa. Tazameni nyumbu wa Serengeti, majirani wa Tarime. Huzaa kati ya mwezi wa Januari na wa Machi, wakiwa katika nyika za majani mafupi upande wa kusini na mashariki. Nyika hizo ndizo zilizofunikwa na majivu ya milima ya moto niliyowaomba mwiweke akibani habari yake, na majani yake yana madini mengi. Hapo nyumbu jike anyonyeshaye hupata anachohitaji. Maji yakikauka, makundi huenda kaskazini mpaka Lamai na mto Mara, ambako mvua ni nyingi na majani ni marefu lakini madini yake ni haba. Na mvua zikianza tena kusini, hawangoji, hurudi. Wataalamu waliopima majani ya Serengeti wameona kwamba mahali wanyama wanapopenda kukusanyika majani huwa na sodiamu, fosforasi na magnesiamu zaidi ya mahali pengine. Maji na majani mabichi ndiyo yanayotajwa kwa kawaida katika habari ya safari hiyo, nayo ni kweli, lakini kwa maoni yangu madini yamesahauliwa mno.

Kaskazini ya Ziwa, katika Mlima Elgon, kuna ajabu kubwa kupita hiyo. Tembo huingia usiku katika mapango ya mlima, katika giza kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga yao, na hung'oa mawe ya ukuta kwa pembe ili wayasage na kula chumvi iliyomo. Pango maarufu huitwa Kitum. Mzungu Joseph Thomson, aliyefika mapango ya Elgon mwaka wa 1883, aliwakuta watu wakikaa ndani yake pamoja na ng'ombe wao, akadhani kwamba mapango makubwa namna ile yamechimbwa na watu wa kale. Hakujua kwamba tembo nao wana mkono katika kazi ile.

Basi sasa tuje kwenye njia za chumvi, maana hapo ndipo historia yenyewe ilipo.

Wasukuma, majirani wa upande wa kusini, walifunga safari wakati wa kiangazi kwenda Ziwa Eyasi. Walikwenda kwa makundi, kwa kuwa njia ilipita katika nyika ya simba na ya maadui, na kijana aliyerudi na mzigo wake aliheshimiwa kwa safari ile. Wakafika wakati maji ya ziwa yamerudi nyuma na chumvi imebaki juu ya tope, wakaikwangua na kuifunga. Kazi ya kuichota ilikuwa ndogo kuliko taabu ya kuibeba.

Kibiro ni habari nyingine kabisa. Hapo, chini ya ukingo mrefu wa bonde, kando ya Ziwa Albert, ziko chemchemi za maji ya moto yenye chumvi, na ardhi ni kavu hata haifai kulimwa. Watu wa Kibiro hawakuwa na shamba la chakula, bali walikuwa na mashamba ya chumvi, na wenye kuyashika ni wanawake. Mwanamke hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua likiwaka, unyevu hupanda katika udongo ule na kukauka, na chumvi hubaki ndani yake. Akifanya hivyo mara kadhaa, udongo hujaa chumvi. Kisha huukusanya, huutia katika chungu chenye matundu, humwaga maji, na maji yale ya chumvi huyachemsha juu ya moto mpaka chumvi itokee nyeupe. Udongo uliokwisha kuchujwa hautupwi. Huurudisha shambani na kuutandaza tena. Kwa hiyo udongo ule ule hutumika mwaka baada ya mwaka, na akina mama wa leo hushika udongo walioushika bibi zao. Emin Pasha alifika huko mwaka wa 1885 akaiona kazi hiyo. Karne moja baadaye mtaalamu wa mambo ya kale, Graham Connah, alichimba katika marundo ya majivu na vigae vya Kibiro, akaona kwamba kazi imeendelea hapo kwa muda wa miaka 700 au zaidi. Mimi sijui kiwanda cho chote cha zama zetu kitakachodumu nusu ya muda huo.

Chumvi ya Kibiro ilipanda ukingo vichwani mwa watu ikaenda Bunyoro na Buganda, na chakula kikashuka kwa njia ile ile. Mfalme wa Bunyoro alipata ushuru wake. Ndivyo ilivyokuwa po pote chumvi ilipopatikana: penye chemchemi palikuwa na mtawala. Katwe, ziwa dogo katika shimo la mlima wa moto wa kale, kusini ya milima ya Rwenzori, liligombewa na falme kwa ajili ya chumvi yake. Kabarega wa Bunyoro alilitawala, na mwaka wa 1891 Kapteni Lugard alipofika na askari wake alijenga ngome hapo, akaiita Fort George. Hakuijenga kwa sababu ya uzuri wa mahali. Alijua kwamba mwenye kushika Katwe ameshika chungu cha nchi nzima upande ule.

Uvinza ndiyo iliyokuwa na sifa kubwa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Chemchemi zake ziko karibu na mto Ruchugi, si mbali na unapoingia Malagarasi, na maji yake ni makali kwa chumvi, tofauti na maji dhaifu ya mahali pengine. Wakati wa masika mto hufurika na kuzifunika chemchemi, basi kazi ilifanyika kiangazi. Hapo watu wa makabila mengi walikusanyika, Wavinza, Waha, Wajiji, Wanyamwezi na wengine, wakajenga vibanda, wakakata kuni na kuchemsha. Mwaka wa 1967 wataalamu wawili, J. E. G. Sutton na Andrew Roberts, walichimba pale wakakuta tabaka juu ya tabaka za majivu, vigae na mashimo yaliyosiribwa udongo, na zile za chini zilikuwa na umri wa yapata miaka 1,500. Kwa hiyo watu walikuwa wakichemsha chumvi Uvinza karne nyingi kabla ya misafara ya pembe kupita huko. Kusini zaidi, huko Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, wataalamu wamekuta kazi ya namna hiyo iliyofanywa tangu karne ya 13.

Watawala wa Uvinza walitwaa sehemu yao ya chumvi, nao walishika pia vivuko vya Malagarasi. Burton na Speke walipopita mwaka wa 1858 walilazimika kulipa ushuru kwa mtawala Mzogera ndipo wavushwe. Chumvi hiyo ilibadilishwa kwa majembe, kwa nguo, kwa mbuzi na kwa chakula, na katika masoko mengi ilipokewa kama fedha ipokewavyo leo. Kila ilipopita mkono mmoja bei yake iliongezeka, na mtu wa mwisho katika njia, aliye mbali kama mtu wa kando ya mto Mara, alilipa miguu ya wote waliotangulia. Ndiyo sababu chumvi safi ilikuwa kitu cha wageni na sikukuu, na maji ya majivu yalikuwa kitu cha kila siku.

Mambo hayo yalibadilika katika muda wa miaka michache tu. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na meli za moshi zikaanza kuchukua mizigo ziwani, Mwanza na Musoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga kiwanda cha chumvi Uvinza, wakakiita Gottorp, na uchemshaji wa wenyeji ukafifia. Mwaka wa 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma ikipita hapo hapo. Mwaka wa 1915 reli nyingine ilikamilika kwenda Ziwa Magadi, ambako kampuni iliyoundwa mwaka wa 1911 ilianza kuchimba magadi kwa viwanda vya vioo na sabuni. Chumvi ikaja kwa magunia mpaka kwenye maduka ya Wahindi, na kutoka hapo ikapanda milimani. Mama wa Tarime hakuhitaji tena kuchoma matete. Lakini duka halikutaka mbuzi wala siku za kutembea, lilitaka rupia, na baadaye shilingi, na shilingi ilitafutwa kwa mazao na kwa vibarua. Njia ya chumvi haikufutika. Iligeuka ikawa njia ya kutafuta fedha.

Hapo pana jambo ambalo wazee wa njia za chumvi hawakulijua. Mvua iliyoosha chumvi milimani iliosha pia madini mengine adimu, iodini. Mtu asipoyapata shingo yake huvimba, na uvimbe huo huitwa rovu. Huo ndio uonekanao. Lakini lililo baya zaidi halionekani, maana mama mjamzito akikosa iodini mtoto aweza kuzaliwa akiwa na akili iliyodumaa, na dawa ya baadaye haiponyi. Chumvi ya Uvinza, ya Eyasi au ya Kibiro haikuwa na iodini ya kutosha, wala chumvi ya mashamba ya pwani haina, ingawa imetoka baharini. Uswisi ilianza kuchanganya iodini katika chumvi mwaka wa 1922, na Marekani mwaka wa 1924. Katika Tanzania, uchunguzi ulionyesha kwamba nyanda za juu, hasa za kusini, zilikuwa na watu wengi wenye rovu. Basi tangu miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika walipewa vidonge vya mafuta yenye iodini, na katika miaka ya 1990 sheria ikaagiza kwamba chumvi ya kula itiwe iodini kiwandani. Iodini hupotea kwa unyevu na kwa joto. Kwa hiyo chumvi iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, na itiwe chunguni chakula kikiwa karibu kuiva.

Tena leo iko taabu ya upande wa pili. Mwili wetu uliumbwa kushikilia kila punje ya chumvi, kama mtu wa nchi ya njaa ashikiliavyo akiba, na sasa mfuko mzima waweza kununuliwa kwa bei ndogo. Chumvi ikizidi siku zote, hushika maji mengi mwilini, na shinikizo la damu hupanda. Hudhuru moyo na figo, na huleta kiharusi kwa watu waliojiona wazima. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tukihesabu na ile iliyomo katika mkate, dagaa waliotiwa chumvi na vyakula vya mikebe. Magadi yatiwayo katika maharage na mboga yahesabiwe pia, kwa kuwa ni sodiamu ile ile. Zaidi ya hayo huharibu baadhi ya vitamini za mboga.

Namalizia na kipimo kidogo. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia India, na katika kambi ya Bangaon kipindupindu kikawaangusha. Maji ya mshipani yalikuwa yakiisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza yatengenezwe maji ya kunywa yenye sukari ya glukosi, chumvi na soda ya kuokea, wapewe wagonjwa kwa vikombe na jamaa zao wenyewe. Kabla ya hapo karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Baadaye walipungua wakawa chini ya 4. Sababu yake ni kwamba utumbo wa mgonjwa wa kuhara hushindwa kunyonya chumvi peke yake, lakini sukari ikiwapo huiingiza sodiamu pamoja nayo, na maji hufuata.

Zahanati hutoa pakiti za dawa hiyo, nazo ndizo bora. Zisipopatikana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge mpaka viyeyuke. Usitumie magadi badala ya chumvi, wala usizidishe chumvi kwa kudhani utaharakisha kupona. Onja kwanza, yasiwe na chumvi kupita machozi. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Mama aendelee kumnyonyesha. Macho yakiwa yamebonyea, au mtoto akiwa mlegevu asiyeweza kunywa, mchukueni hospitali mara moja, na njiani mwendelee kumpa kijiko baada ya kijiko kama aweza kumeza.